Maswali yaliyoingia bila hodi: uchambuzi wa kisa cha jumuiya moja

Kuhusu maandishi haya

Kisa hiki kilitokea katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya parokia moja ya Kikatoliki Tanzania bara, ambako nilihudumu kwa miaka kadhaa nikiwa katekista. Majina, mtaa na mambo mengine madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa au kubadilishwa. Mama aliye kiini cha kisa, ambaye nitamwita Mama N., aliridhia kiandikwe kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba yale aliyokuwa akiyapitia yasitajwe. Kwa hiyo hayamo. Kisa kinaeleweka bila hayo, kwa kuwa ninachokichambua si maisha yake bali maswali tuliyomuuliza sisi, na kilichotusukuma kuyauliza.

Usuli

Maaskofu Katoliki wa nchi za AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walikubaliana kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo za majirani wanaojuana kwa sura na kwa shida zao. Jumuiya yetu ilikuwa tunda la uamuzi huo. Familia kumi na nane hivi zilikutana kila Alhamisi jioni, kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Injili ikasomwa na kutafakariwa, kila mwenye nia ya sala akaitoa, michango ikakusanywa, kisha ikatajwa orodha ya wagonjwa na wafiwa. Mtu akiugua usiku, wa jumuiya ndio wanaobisha mlangoni kabla ndugu hawajapanda basi. Sijaona mahali pengine ambapo imani inashikika kwa mikono kiasi hicho.

Ila ukaribu huohuo una upande wa pili. Watu wanaokaa sebuleni kwako kwa zamu wanajua viti vyako ni vingapi, wanajua kama umeme wako umekatwa, na wanajua nani hayupo. Hawahitaji kupeleleza ili wajue. Wanahitaji tu kuwa na macho. Ndiyo maana mila zetu zimeweka vizuizi vya upole. Mtu hupiga hodi, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Mtu huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na jibu la kwanza ni "nzuri" hata kama usiku mzima hapakulalika. Wageni huona huo ni unafiki, lakini mimi nauona ni ustaarabu wa hali ya juu, kwa sababu salamu zetu ndefu ni mlango ambao ufunguo wake anao anayeulizwa. Akisema "tunamshukuru Mungu" na kunyamaza, mlango umefungwa kwa heshima. Akisema "hivyo hivyo tu, mama", ameuachia wazi kidogo, na anayejua lugha huvuta kiti.

Mama N. alikuwa fundi cherehani na mhazina wa jumuiya kwa miaka sita. Hesabu zake zilikaa katika daftari la kaunta lenye jalada gumu, mwandiko mdogo uliosimama wima, na hakuna mwezi ambao mapato na matumizi yalipishana. Mume wake alifanya kazi mbali na kurudi kwa vipindi. Nyumbani aliishi na binti yake aliyekuwa sekondari.

Mtiririko wa matukio

Ilikuwa Kwaresima, katika mwaka ambao Ramadhani iliangukia ndani yake. Zamu ya Mama N. kupokea jumuiya ilipofika, aliomba arukwe. Wiki zilizofuata, Jumapili tatu mfululizo, hakwenda kupokea Komunyo Takatifu. Kanisani kwetu watu hutoka benchi kwa benchi, na asiyetoka hulazimika kukunja magoti pembeni ili wenzake wapite. Hakuna anayeweza kubaki bila kuonekana.

Sababu za mtu kutopokea Komunyo ni nyingi. Huenda amekula ndani ya lile saa moja ambalo sheria ya Kanisa inataka mtu afunge kabla ya kupokea. Huenda hajapata nafasi ya kwenda kitubio. Huenda ana jambo kati yake na Mungu ambalo halimhusu mtu wa benchi la nyuma. Nilikuwa nikiwafundisha hayo watoto wa Komunyo ya kwanza kila mwaka. Hata hivyo, nikiwa mbele pale, Jumapili zile tatu nilizihesabu.

Maneno yakaanza. Wengine walisema ni ndoa, wengine ni ugonjwa, wengine walirudia methali ambayo kila mwenye kusengenya huishika kama fimbo ya kutembelea: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwenyekiti akaja kwangu akiwa na wasiwasi wa kweli, nami nikamwambia maneno ambayo nimeyarudia moyoni mara nyingi tangu siku ile: "Nendeni mkajue kuna nini."

Walikwenda watatu, Jumamosi alasiri. Niliyoyajua kuhusu ziara hiyo nilisimuliwa baadaye na mmoja wao, kwa majuto. Mama N. alikuwa akishona sketi za shule. Aliwakaribisha, akaweka chai, akarudi kwenye kiti cha cherehani. Wakaanza na salamu, na salamu zilikuwa sahihi.

"Baba hajambo huko aliko?"

"Hajambo, tunamshukuru Mungu."

"Anarudi lini?"

"Kazi zikiruhusu."

"Na wewe mbona siku hizi umepungua hivyo?"

"Ni mfungo tu, mama."

Milango mitatu ilikuwa imefungwa, kila mmoja kwa upole kuliko uliotangulia. Ndipo mmoja wa wageni akaona juu ya meza ya cherehani bahasha ya kaki yenye muhuri, ambayo Mama N. alikuwa ameigandamiza kwa mkasi. Akausogeza mkasi kwa vidole viwili, akaigeuza bahasha ili asome, akauliza imetoka ofisi gani. Mama N. aliichukua bila kusema neno, akaitia kwenye droo, akakanyaga cherehani. Kwa dakika kadhaa hapakusikika kitu chumbani ila mashine.

Alhamisi iliyofuata, wakati wa nia, mama yuleyule aliyeigeuza bahasha alifumba macho akasali kwa sauti ya huruma, akamwombea "mwenzetu mmoja" ambaye nyumba yake inapita katika tufani, ambaye mume wake yuko mbali, na ambaye ana mzigo wa siri anaoubeba peke yake. Hakutaja jina. Binti wa Mama N. alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, ametumwa na mama yake kuleta mchango. Sote tukaitikia: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nami niliitikia.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, Mama N. alikuwa mlangoni kwangu na daftari la kaunta, na kopo la maziwa ya unga lenye fedha za jumuiya hadi sarafu ya mwisho. Aliniambia: "Katekista, hesabu mbele yangu. Sitaki kesho paulizwe tena." Nilihesabu na fedha zilitimia. Hakurudi Alhamisi.

Maamuzi na sababu zake

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuitisha kikao cha suluhu, ambapo waliokosea wangemwomba Mama N. msamaha mbele ya wanajumuiya wote, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya wote. Nilimpelekea paroko wazo hilo, naye alilikataa kwa sababu ambayo sikuwa nimeiona: huwezi kuomba radhi hadharani kwa neno lililosemwa hadharani bila kulisema mara ya pili. Mama N. angeketi katikati ya watu wakati jeraha lake linafunuliwa upya kwa jina la kulifunga. Paroko alielekeza kwamba aliyekosea aende peke yake, na kwamba jumuiya isitume mtu mwingine yeyote kwa muda.

Hata hivyo sikutulia, kwa kuwa Pasaka ilikuwa inakaribia na sikutaka imkute peke yake. Nilimwendea bibi mmoja wa jumuiya, mjane wa umri mkubwa, nikamwomba amtembelee. Alikataa kutumwa. Alisema, "Mkinituma nitarudi na ripoti. Niacheni niende kwa shida yangu." Shida yake ilikuwa kitenge alichotaka kishonwe gauni la Pasaka. Alikwenda kupimwa, akarudi siku nyingine kujaribu, akarudi tena kwa sababu mikono ilibana, na kila safari alikaa kitako pale kibarazani akichambua mchicha au kumenya vitunguu vya mwenye nyumba bila kuuliza lolote zaidi ya uzi na vifungo. Alilipa bei kamili. Nilimuuliza siku moja Mama N. anaendeleaje, akanitazama kwa muda, akasema, "Anashona vizuri."

Alikuwapo pia jirani Mwislamu, ambaye hakuna aliyemshauri wala kumtuma. Mfungo mzima, jua lilipozama, alimpitishia Mama N. bakuli la futari lililofunikwa kawa. Nilipokutana naye miezi kadhaa baadaye nikamshukuru, nilimuuliza kama alijua jirani yake alikuwa na nini. Alinijibu kwamba hakujua, na kwamba kwao Kurani inakataza waumini kupelelezana na kusengenyana katika aya moja, ya 12 ya sura ya 49, nayo imeanza kwa kukataza dhana. Akaongeza kwamba bakuli halihitaji sababu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefundishwa.

Uamuzi wa mwisho uliihusu jumuiya yenyewe. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayemwombea mtu kwa sauti kwa jambo lake la ndani isipokuwa mwenyewe ameomba. Anayetaka kumwombea mwingine aseme "kwa nia anazozijua Mungu" na aishie hapo. Wanaotembelea nyumba wawe wawili, waende na kitu mkononi, na wakirudi waseme neno moja tu kwenye kikao: tumefika.

Matokeo

Mama N. alimweleza yule bibi alichokuwa nacho, kwa hiari yake, siku gauni lilipokwisha. Bibi hakumweleza mtu. Mimi nilikuja kuambiwa na Mama N. mwenyewe baada ya zaidi ya mwaka, tulipokuwa tukizungumza kuhusu maandishi haya. Alirudi kupokea Komunyo wakati wake ulipofika, na amerudi Alhamisi, ingawa hakukubali tena uhazina. Kuhusu binti yake nitasema tu kwamba hakurudi kwenye sala za jumuiya.

Aliyesali ile sala alikwenda kuomba radhi kama alivyoelekezwa. Aliomba kwa machozi na alisamehewa. Walipokuwa wakiagana mlangoni akauliza, "Lakini baba sasa amerudi?" Mama N. alinisimulia bila hasira. Ninaliweka hapa kwa sababu linaonyesha jinsi tabia ya kudadisi ilivyo na mizizi mirefu kuliko majuto. Mtu anaweza kujutia madhara ya swali bila bado kuiona njaa iliyolizaa.

Taratibu zetu mpya nazo zilizaa tatizo ambalo hatukulitarajia. Miezi michache baadaye baba mmoja wa jumuiya aliugua akiwa peke yake nyumbani karibu wiki mbili. Majirani walimkosa, kila mmoja akaona, na kila mmoja akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mbea. Aliponiona baada ya kupona aliniambia, "Nyie siku hizi mmestaarabika mpaka mnaacha watu wafe." Sikuwa na jibu.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa la kwanza ni langu, nalo limo katika kitenzi. Sikuwaambia "nendeni mkamsaidie" wala "nendeni mkakae naye". Niliwaambia wakajue. Anayetumwa kujua hana namna ya kurudi mikono mitupu isipokuwa ameshindwa kazi, kwa hiyo milango mitatu ilipofungwa walitafuta wa nne, na wa nne ulikuwa bahasha. Ninawalaumu kidogo kuliko nijilaumuvyo. Nilijificha nyuma ya wajibu wangu wa kichungaji, lakini nikiupima moyo wangu wa siku zile naona nilitaka kujua kabla sijataka kusaidia, na kwamba hata Mama N. asingehitaji msaada wowote bado ningetaka kujua.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona jambo hili katika karne ya 13. Hakusema kwamba kuchunguza maisha ya wengine ni dhambi daima. Alisema ni jema iwapo mtu anatafuta kuinuliwa na mfano wao, au anatafuta faida yao kwa upendo au kwa wajibu wa kazi aliyopewa; ni baya iwapo anatafuta kuwadharau, kuwachongea, au kuwasumbua tu bila faida. Tendo la nje laweza kuwa lilelile, swali laweza kuwa lilelile neno kwa neno, na tofauti yote ikawa katika lile ambalo muulizaji anakusudia kulifanya na jibu. Nikiwatumia wanaonijia leo kipimo hicho, huwauliza hivi: ukiambiwa kwamba mume wake amefungwa, utafanya nini Jumatatu asubuhi? Kama hakuna jibu, basi swali halikuwa la Mama N., lilikuwa la muulizaji. Wahenga walikwisha kuuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani?

Kosa la pili, ambalo naliona zito kuliko yote, ni sala. Umbea wa kibarazani una aibu yake. Anayeusema hushusha sauti na kutazama nyuma. Umbea uliovikwa sala hauna aibu, husemwa macho yamefumbwa, na wasikilizaji wote hulazimika kuuidhinisha kwa kuitikia. Mungu hakuhitaji kuelezwa kuhusu tufani na mzigo wa siri. Maelezo yale yalikuwa yetu. Mama yule, naamini, alidhani anaomba, na kwa sehemu aliomba kweli, kwa kuwa huruma na udadisi vyaweza kukaa moyoni kama maziwa na maji katika kikombe kimoja. Ndiyo sababu jambo hili linahitaji utaratibu wa nje, si nia njema peke yake.

Uchambuzi: kilichofaa

Nimelitafakari sana gauni la yule bibi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 4, Yesu anakutana na mwanamke Msamaria kisimani, na neno lake la kwanza ni ombi: "Nipe maji ninywe." Aliyejua yote alianza kwa kuhitaji kitu. Mwanamke akawa mwenye kutoa kabla hajawa mwenye kuulizwa, na yaliyokuja kuzungumzwa kuhusu waume zake yalizungumzwa wakiwa wawili, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Waliporudi walistaajabu, lakini Mwinjili anaandika kwamba hakuna aliyesema, "Unatafuta nini?" Nilikuwa nimesoma maneno hayo kwa sauti kanisani miaka mingi bila kuusikia ukimya wa wale wanafunzi. Bibi alifanya vilevile. Alimpelekea Mama N. kazi, na kazi ilimrudishia heshima ambayo ziara ya watu watatu ilikuwa imeichukua.

Wanafunzi haohao, sura tano baadaye, wanamwona kipofu na kuuliza, "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Mtu yuko mbele yao, nao wanazungumza juu ya kichwa chake, wakitafuta chanzo. Yesu anapokutana na kipofu mwingine, Bartimayo, kama alivyoandika Marko, anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Swali hilo linaangalia mbele, na ukubwa wa jibu unabaki mikononi mwa anayeulizwa. Bartimayo angeweza kuomba sadaka na kwenda zake.

Kwa swali hilo ndipo tuliporekebisha kosa letu la tatu, lile la kunyamaza mbele ya mgonjwa. Tulikuwa tumefuta maswali yote kwa kuwa baadhi yalikuwa mabaya. Sasa tunawafundisha wanajumuiya kwamba kumkosa mtu ni sababu tosha ya kupiga hodi, na kwamba ukishakaribishwa uliza unachoweza kukibeba: "Tumekukosa. Tukuletee nini?" Maji, dawa, uji, nauli ya mtoto. Asiyetaka kusema atasema "sala zenu tu", na jibu hilo lipokewe kama lilivyo.

Kuna mahali ambapo kanuni hii haitoshi. Mtoto anapokuja na alama za kipigo, au mama anapofungiwa ndani, "tunamshukuru Mungu" si mlango uliofungwa kwa heshima, na anayeuliza mara ya nne na ya tano anatimiza wajibu ule ambao Thoma aliutaja. Nimewahi kuwaona watu wakitumia kisa cha Mama N. kujitetea wasiingilie jambo la namna hiyo, na nimewapinga. Ninachowaomba katika hali hizo ni kwamba swali liulizwe faraghani, na mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua siku hiyohiyo, na lisirudi Alhamisi kama nia ya sala.

Mama N. ameyasoma maandishi haya kabla hayajatolewa. Aliomba niondoe sentensi mbili kuhusu binti yake, nami nimeziondoa.